Makoti

Saa kumi alfajiri tunakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
Genzo ameshika tochi, analalamika,
maana mkewe Fusae anakwenda likizo
na yeye anabaki na theluji na paka.
"Supu imo kwenye friji."
"Ya siku ngapi?"
"Tatu."
"Na siku ya nne?"
Fusae akafunga mlango wa gari.

Tuko wanne. Miaka ishirini na sita jiko moja,
tukiwapikia watoto wa shule kule Goshogawara,
masufuria mapana hata Mutsuko aliwahi kuangusha saa ndani ya mchuzi
tukaipata jioni, bado inatembea.
Kila mwezi kila mmoja sarafu moja
kwenye chupa iliyokuwa ya achari ya plamu.
Wakala wa safari alizihesabu amebana pua.

Uwanja wa Aomori. Kimie na kilo tano za matufaha.
"Huko kisiwani kuna matunda," nikamwambia,
"matunda ndiyo kazi yao."
"Mkono mtupu haulambwi," akasema,
akaliweka sanduku kwenye mkanda wa ukaguzi
kama mtu anayelaza mtoto.

Tokyo hakuna baridi, au ipo nje, haituhusu.
Tukavua makoti, manne, ya sufu, mazito kama kondoo wenyewe.
Asiye na mwana aeleke jiwe, wanasema.
Sisi wana tunao, wako Sendai, wako Osaka, simu zao huita tu;
tukaeleka makoti.
Tukapanda ngazi za umeme, tukashuka ngazi zilezile,
tukahesabiana: mmoja, wawili, watatu.
Mutsuko tulimkuta kwenye kiti cha kukanda mgongo,
sarafu zimekwisha, kiti kimenyamaza,
yeye amelala kinywa wazi,
na mtoto wa watu amesimama mbele yake, anasubiri zamu.

Hakuwahi kupanda ndege, Mutsuko. Hakutuambia
mpaka tulipokuwa juu, amenishika kifundo cha mkono
kama mpini wa sufuria inayochemka.
Saa tatu na nusu hakuniachia.
Chini bahari ilikuwa wino, kisha chupa,
kisha rangi ambayo sikuwa na jina lake.
Fusae akainama dirishani, akatazama sana.
"Sabuni ya vyombo," akasema.
Na kweli, ndiyo.

Ishigaki mlango ulifunguka
kama mtu kafunua wali kabla haujaiva.
Miwani yetu yote minne ikaingia ukungu,
tukashuka tukishikana kama vipofu, tunacheka,
viatu vya theluji vinapiga lami ya moto.

Bandarini palikuwa na kijana, Maehana, jina liko kifuani.
Boti ya Hateruma haiendi. Mawimbi.
"Lakini jua linawaka!"
"Jua linawaka, mama. Mawimbi hayalioni."
"Kesho?"
Akatazama bahari, kwa adabu, kwa muda mrefu.
"Labda."

Basi hatukufika.
Naandika hivi ili asije mtu akadhani tulifika.
Siku ile, kutoka gizani mpaka machweo,
gari, ndege, ndege, basi,
na mwisho wake benchi la saruji,
Kimie anamenya matufaha ya mtu mwingine.
La kwanza alimpa Maehana.
Akaling'ata, akauliza theluji ikoje.

Tulianza kusema wote pamoja, tukanyamaza wote pamoja.
Kisha Fusae akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake,
akatoa glavu aliyokwangulia kioo alfajiri.
Bado mbichi. Akaikamua juu ya saruji:
matone matatu, labda manne.

Kijana akainama kuyatazama.
Yalikuwa yamekwisha kukauka.
"Ndivyo ilivyo," Fusae akasema,
na akaomba kipande kingine.